Je, Wajua? Kahawa Tungu Haina Makosa, Muulize Sukari

Je, wajua kuwa kikombe kidogo cha kahawa tungu, kile cha mililita 60 unachomiminiwa kutoka kwenye dele pale Ukunda, kina kalori 1 tu hivi? Moja! Mwili wako huimaliza kwa dakika kama moja, nawe umekaa barazani hujasogeza hata kete ya bao.

Haya, kunywa vikombe 10. Vyote kwa jumla havifikii kalori 16, na hizo 16 ndizo zilizomo katika kijiko 1 cha chai cha sukari. Usinitazame hivyo, piga hesabu mwenyewe!

Na kafeini inayokufumbua macho alfajiri, unadhani inakupa kalori ngapi? Sufuri. Umechangamka, naam, lakini hujala kitu.

Sasa shika hii: buni mbichi ya arabika ina mafuta ya asilimia 15 hivi, na kila gramu ya mafuta ni kalori 9. Mbona basi hayakunenepeshi? Kwa sababu mengi hubaki kwenye mashapo.

Buni hiyohiyo ina sukari yake ya asili, asilimia 6 hadi 9. Ikikaangwa, karibu yote hupotea. Ndiyo maana uchungu unabaki kuwa uchungu!

Kalori 1 ya chakula hupandisha joto la lita 1 ya maji kwa digrii 1. Kwa hiyo vijiko 5 vya chai vya sukari vina nishati ya kutosha kuchukua lita nzima ya maji kutoka digrii 20 hadi kuchemka. Na kuna mtu unayemjua anayetia vitano kwenye kikombe kimoja, sivyo?

Wewe unayejisifu kwamba umeacha sukari nyeupe ukahamia sukari guru, njoo karibu. Gramu 100 za sukari guru zina kalori 380 hivi, na nyeupe 387. Umeokoa 7!

Asali je? Kijiko cha chai cha asali kina kalori 21, cha sukari 16. Asali ni nzito, kijiko kilekile hubeba zaidi.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, huko Msambweni, kilifungwa mwaka 1988, kisha miaka baadaye miwa ikarudi mashambani kwa kampuni ya KISCOL. Lakini sukari itoke Ramisi au Mumias, kila gramu ni kalori 4 zilezile. Ulimi haujui kaunti.

Ongeza maziwa sasa. Kikombe cha mililita 250, nusu maji nusu maziwa yasiyotolewa mafuta, kina kalori 80 hivi kabla hujagusa bakuli la sukari. Na ile kahawa baridi ya hotelini Diani, yenye krimu juu na karameli ndani, yaweza kupita 300!

Glasi ya maji ya dafu, mililita 250, ina kalori 48 hivi. Kahawa yenye vijiko 3 vya sukari ina zaidi kidogo. Ni kipi ulichodhani kinanenepesha?

Tusimsahau rafiki wa kahawa, kashata. Nyama ya nazi ina kalori 354 kwa gramu 100, sukari nayo 387, kwa hiyo kipande cha gramu 25 hakikosi 90. Tende moja kubwa aina ya Medjool? Kalori 66, pamoja na utamu wake wote.

Hamri lako likinywa kijiko 1 tu cha chai cha mafuta ya kukaangia, umeongeza kalori 40. Bado hatujahesabu unga, sukari wala tui!

Unadhani kilimo cha kahawa Kenya kilianzia Kiambu au Nyeri? Rudi pwani! Wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa waliipanda Bura, kwenye milima ya Taita, mwaka 1893.

Tena kuna kahawa-mwitu inayomea yenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wataalamu wakaiita *Coffea pseudozanguebariae*. Jina refu, kafeini hakuna! Maumbile yalitengeneza kahawa isiyokesheza kabla ya kiwanda chochote.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni heri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko 6 vya chai. Vikombe 2 vya vijiko vitatu-vitatu, umemaliza, na ni saa nne asubuhi. Hiyo kashata mkononi mwako unaiweka kwenye hesabu ya nani?