Silabi si mofimu: tusiwachanganye wanafunzi

Mwanafunzi wa shule ya upili akiambiwa aligawe neno "kifunguakinywa", aghalabu hulikata kwa kufuata sauti, kisha njiani akageukia maana, asijue amevuka mpaka. Lawama si yake peke yake. Tumezoea kumwamrisha agawe neno bila kumweleza tunataka atumie kigezo kipi.

Neno lina viungo vya aina mbili: vya matamshi, yaani silabi, na vya maana, yaani mofimu. Kwa sikio, neno hilo ni ki-fu-ngu-a-ki-nywa, silabi sita. Kwa maana, sehemu yake ya kwanza ni ki-fung-u-a: mzizi ni -fung-, na -u- ndiyo inayogeuza kufunga kuwa kufungua. Kumbe "ng", iliyo mali ya mzizi, katika matamshi huhamia kwa irabu ya jirani. Vivyo hivyo, "atakayempikia" lina silabi nane (a-ta-ka-ye-m-pi-ki-a) lakini mofimu saba (a-taka-ye-m-pik-i-a).

Wajerumani, mabingwa wa kuambatanisha maneno, wanaijua hatari hii. Wana neno Blumentopferde, yaani udongo wa chungu cha maua. Likikatwa mwishoni mwa mstari, kanuni yao hutanguliza mpaka wa maneno yaliyoambatanishwa: Blumentopf-erde. Atakayekata Blumento-pferde atamletea msomaji farasi, maana Pferde ni farasi!

Huku Migori na Homa Bay suala hili lina uzito wa pekee. Mtoto Mjaluo huja shuleni na lugha inayoruhusu silabi kuishia kwa konsonanti, mathalani "rech" (samaki) na "got" (mlima). Mwenzake Mkuria huja na lugha ya Kibantu, jamaa ya Kiswahili, ambayo silabi zake huishia kwa irabu. Wapo wanaodhani kwamba Kijaluo ni kikwazo. Sikubaliani nao. Kiswahili chenyewe kimepokea silabi funge katika maneno kama daf-ta-ri, lab-da na mak-ta-ba, na sikio lililozoea "rech" halina sababu ya kuzishangaa. Mwalimu na aanzie hapo. Jina la mji wa Awendo pia ni somo tosha: kwa kanuni za Kiswahili ni A-we-ndo, wala si A-wen-do, kwa kuwa "nd" haitenganishwi.

Hasara ya mkanganyiko huu huonekana hasa katika ushairi. Asiyejua kwamba "mbwa" lina mizani mbili (m-bwa), na kwamba "mbuzi" nalo lina mbili tu (mbu-zi), atamlaumu mshairi wa arudhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Aidha, asiyezitambua mofimu atakariri maneno marefu badala ya kuyaelewa, na hataweza kuunda jipya.

Rai yangu kwa walimu ni kwamba mada hizi zifundishwe mbalimbali. Silabi zihesabiwe kwa kupiga makofi. Mofimu zitafutwe kwa kubadilisha kipande kimoja na kutazama maana inavyogeuka: anampikia, tunampikia, tunawapikia. Nao watungaji wa mitihani wataje bayana kigezo wanachokitaka. Mwanafunzi akishavijua visu viwili na kazi ya kila kimoja, urefu wa neno hautamtisha tena.