Kinu Kikiletwa Darasani

Mtoto wa darasa la nne katika jimbo la Virginia, mwenye miaka tisa au kumi, husoma historia ya jimbo hilo mwaka mzima. Mwaka huohuo shule huweza kualika wageni wa historia hai, yaani waelimishaji wa makumbusho wanaofika darasani na mavazi na vyombo vilivyoundwa kwa mfano wa vile vya karne ya 17. Jamestown-Yorktown Foundation, taasisi ya jimbo inayoendesha makumbusho ya Jamestown Settlement, imekuwa ikipeleka programu za namna hiyo shuleni. Maelezo yake huwa na mstari unaosema kwamba ziara inaendana na viwango vya ujifunzaji vya Virginia, maarufu kwa kifupi SOL. Ni mstari mkavu wa herufi na tarakimu, na mzazi aliyechoshwa na karatasi za shule huupita. Mimi naona ndio wa kusomwa kwanza, kwa sababu ndio unaoamua kama saa ile itakuwa somo au burudani tu.

Viwango hivyo vina pande mbili. Upande mmoja ni wa stadi: katika toleo la 2015, kiwango cha VS.1 kinamtaka mwanafunzi achambue vyombo vya kale na nyaraka za wakati ule. Upande wa pili ni wa maarifa: VS.3 inahusu Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza katika Amerika, yaliyoanzishwa 1607. (Viwango vilipitishwa upya Aprili 2023, hivyo mzazi aulize shule inafuata toleo lipi.) Ni rahisi mno kuifunga ziara kwenye upande wa maarifa peke yake. Programu inataja Jamestown, kiwango kinataja Jamestown, basi kazi imekwisha. Lakini 1607 imo kitabuni, na hakuna haja ya kumtoa mtu mbali, amevaa kofia ya chuma, aje kuitamka tarehe ambayo mwalimu ameshaiandika ubaoni. Kisichopatikana kitabuni ni uzito wa gobore la utambi mkononi, ukavu wa ngozi ya kulungu, sindano ya mfupa. Vitu hivi, hata vikiwa nakala, ni mazoezi ya kusoma ushahidi. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba ziara ifungwe kwanza kwenye VS.1, ndipo VS.3 ifuate nyuma yake.

Chukua kinu. Wanawake wa Powhatan, wenyeji wa nchi ile kabla Waingereza hawajafika, walitwanga mahindi kwa kinu cha mti na mchi. Mtoto aliyezaliwa Uvira au Kigoma, na sasa anasoma Virginia, atakitambua chombo hicho kabla mgeni hajakitaja. Kukitambua kunafurahisha, ila bado si historia. Historia inaanza mwalimu anapouliza kinu kimechongwa kwa kutumia nini, nani alitwanga, nani alikula, na kama kufanana kwa vinu kunathibitisha kwamba watu wa Afrika na wa Powhatan walikuwa na uhusiano. Hakuthibitishi, watu wengi duniani wenye nafaka ngumu wamebuni kinu bila kuonana. Kilichosafiri kweli ni kile kinachotwangwa. Mahindi yalitoka Amerika, yakavuka bahari kuja Afrika baada ya Wazungu kufika Amerika, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioyaleta. Sisi tukayapa jina linaloelekeza India, mahali ambapo hayakutoka. Neno tunalolitamka kila siku jikoni ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa kama hati yoyote. Mtoto anayejua Kiswahili anaweza kulieleza darasa zima jambo hili, ambalo mgeni mwenyewe hakuja nalo, na akifanya hivyo ameitimiza VS.1 barabara.

Upande wa maarifa nao hauwezi kuachwa, kwa kuwa kiangazi cha 1619 kinatugusa. Tarehe 30 Julai mwaka huo lilikutana Jamestown baraza la kwanza la wawakilishi wa walowezi. Mwezi mmoja tu baadaye, mwishoni mwa Agosti, meli iitwayo White Lion ilifika Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika ambao mlowezi John Rolfe aliwahesabu kuwa ishirini na ushei, wakabadilishwa kwa chakula. Walikuwa wametekwa katika vita vya Wareno dhidi ya ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo, wakapakiwa Luanda kwenye meli iliyokuwa ikielekea Veracruz, na meli hiyo ikaporwa njiani. Lugha ya Ndongo ni Kimbundu, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu: mtu kwao ni mutu. Mwanamke mmoja Mwafrika, Angela, ameandikwa katika orodha ya wakazi ya 1625, nyumbani kwa Kapteni William Peirce. Hatuna nguo yake, hatuna chungu chake, hatuna neno lake hata moja. Hapo historia hai inagonga mwamba, na mwelimishaji mkweli husema hivyo waziwazi. Katika makumbusho ya Plimoth Patuxent kule Massachusetts, waigizaji wa kijiji cha Waingereza huzungumza kana kwamba wao ndio watu wa karne ya 17. Jamestown Settlement hufuata njia nyingine: mwelimishaji huvaa mavazi yale lakini husema "walifanya", hasemi "tulifanya". Kwa darasa la nne naiamini zaidi njia hii ya pili, maana inampa mtoto nafasi ya kuuliza tumejuaje.

Wapo wanaosema viwango huua hamu, na kwamba mtoto aachwe ashangae. Nawaelewa. Ila mshangao usio na swali huisha basi la shule linapoondoka, na kuuliza kinu kimechongwaje hakumpunguzii mtoto furaha ya kushika mchi. Wengine wanahofia, kwa haki kabisa, kwamba mtoto mweusi atapewa sehemu ya mtumwa mbele ya wenzake. Jibu limo katika kiwango chenyewe. VS.3 inataka mwanafunzi aeleze kuja kwa Waafrika kulileta nini Jamestown. Hakuna panapodai mtoto aigize kufungwa minyororo, na mzazi ana haki ya kukataa mchezo wa namna hiyo kwa kuonyesha maandishi yenyewe. Pingamizi zito zaidi ni la muda. Tangu sheria ya Marekani ya 2002 iliyolazimisha mitihani ya kila mwaka ya kusoma na hisabati kuanzia darasa la tatu hadi la nane, takwa ambalo sheria ya 2015 imelibakiza, maarifa ya jamii yamesukumwa pembeni. Hapo ndipo ziara iliyofungwa kwenye stadi inapojitetea, kwa sababu kusoma orodha ya 1625 na kuandika aya yenye ushahidi ni kazi ya kusoma na kuandika pia.

Kwa hiyo karatasi ikifika nyumbani, mzazi amwandikie mwalimu maswali mawili: watoto watasoma nini kabla mgeni hajaja, na wataandika nini akishaondoka? Kama jibu la pili ni picha ya kupaka rangi, mzazi apendekeze kazi nyingine. Mtoto aitazame ile orodha ya 1625, ambamo Waafrika wengine wameandikwa kwa idadi tu bila majina, kisha aeleze kwa maneno yake kwa nini jina la Angela limo na ya wengine hayamo.