Je, Wajua? Moto wa Kanungu

Je, wajua kwamba watu walioteketea kanisani Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, walikuwa wanakijiji wa kawaida kabisa? Wengi walikuwa Wakatoliki, wakulima, akina mama na watoto wao. Kikundi chao kiliitwa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu.

Je, wajua kwamba mwenye sauti kubwa humo alikuwa mwanamke? Magazeti yalimtaja zaidi kiongozi mwenzake, Joseph Kibwetere, lakini Credonia Mwerinde, aliyewahi kuuza pombe ya ndizi papo hapo Kanungu, ndiye aliyedai kumwona Bikira Maria na kupokea ujumbe wake. Kwa mengi, yeye alisema na Kibwetere akafuata.

Kibwetere naye hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa na ardhi, alifanya kazi katika elimu na siasa, na alisifika kwa uchaji wake. Alipokutana na Mwerinde mwaka 1989, aliwafungulia waumini nyumba yake. Mwaka 1992 walifukuzwa hapo, wakahamia Kanungu.

Je, wajua kwamba miongoni mwa viongozi alikuwamo padri msomi? Dominic Kataribabo alisomea dini hadi shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki mjini Los Angeles, Marekani. Padri aliyesoma ng'ambo akiketi pamoja nao, mkulima angewashuku vipi?

Je, wajua kwamba waumini walizuiwa kuzungumza? Waliwasiliana kwa ishara za mikono, wasije wakaivunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Tendo la ndoa lilikatazwa, hata kwa mume na mke. Kufunga kula kulikuwa jambo la kila wiki. Asiyeruhusiwa kusema hawezi kulalamika wala kumuuliza mwenzake swali. Kwangu mimi, hii ndiyo kanuni iliyowaua kabla ya moto.

Je, wajua kwamba mafundisho yao yaliwakuta watu wakiwa na majeraha mabichi? Uganda ilikuwa imetoka vitani, na UKIMWI ulikuwa ukizika watu kila siku. Viongozi walisema hiyo ni adhabu ya Mungu kwa walioziacha Amri.

Walitangaza kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Waumini wakauza mifugo, nguo na mashamba, fedha zikaenda kwa viongozi. Januari ikafika, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe mpya ikatajwa.

Je, wajua kwamba siku chache kabla ya moto palikuwa na karamu? Mafahali walichinjwa, na soda zikanunuliwa kwa makreti. Kisha watu wakaingia kanisani, milango na madirisha yakapigiliwa misumari, moto ukawashwa. Waliokufa humo walikadiriwa kupita 500, watoto wengi wakiwamo.

Mwanzoni ilisemekana kwamba wote walijiua kwa hiari. Halafu makaburi ya pamoja yakafukuliwa: Rutoma, Rushojwa, Rugazi katika makazi ya Kataribabo, na hata Buziga, jijini Kampala. Baadhi ya maiti walionekana kuwa wamenyongwa. Hao walikufa kabla ya moto wa Kanungu. Mtoto aliyefungiwa ndani ya nyumba inayowaka hakujiua. Aliuawa, na tuseme hivyo waziwazi.

Je, wajua kwamba serikali ilikijua kikundi hiki? Kilikuwa kimesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali. Mwaka 1998 shule yake ilifungwa baada ya malalamiko kuhusu uchafu na watoto kutumikishwa. Kambi yenyewe iliachwa iendelee.

Je, wajua kwamba hakuna kiongozi hata mmoja aliyefikishwa mahakamani? Mwaka 2014 polisi wa Uganda walisema walipata taarifa kwamba Kibwetere amejificha Malawi. Hakukamatwa.

Na mambo kama haya hayakuishia Kanungu: mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa.

Ndugu msomaji, jamaa yako akianza kuuza kila kitu, akawatoa watoto shule na kukata mawasiliano na ukoo kwa sababu ya mhubiri, usingoje tarehe ya kiyama chao. Nenda kawaangalie watoto hao, ukaripoti leo.