Je, Wajua? Namba Chache Zinazofichua Siri za Mtandao Mzima

Chora nukta kadhaa kwenye karatasi, kisha uziunge kwa mistari. Mchoro huo wanahisabati huuita grafu. Nukta zaweza kuwa miji na mistari ikawa barabara. Zaweza pia kuwa atomi, kompyuta au watu wanaofahamiana. Kila grafu ina namba zake, ziitwazo thamani aigeni, na zikiwekwa pamoja huitwa spektra. Namba hizo zina mengi ya kutuambia.

Je, wajua kwamba thamani aigeni yaweza kupatikana bila kikokotoo?
Chora mraba: nukta nne, mistari minne. Ipe kila nukta namba 1. Sasa kila nukta ijumlishe namba za nukta mbili jirani: inapata 2. Kila mahali namba ya mwanzo imezidishwa kwa 2, basi 2 ni thamani aigeni ya mraba. Futa, kisha uzunguke mraba ukiandika 1, -1, 1, -1. Safari hii kila nukta inapata namba yake yenyewe mara -2. Hiyo ni thamani nyingine. Mbili zilizobaki ni 0 na 0.

Je, wajua kwamba namba hizi huhesabu njia za kuunganisha miji?
Chukua miji minne, kila mmoja ukiwa na barabara ya moja kwa moja hadi kila mji mwingine. Barabara ni sita. Ni kwa njia ngapi unaweza kubakiza tatu tu, na bado msafiri akafika mji wowote? Mwaka 1847, Mjerumani Gustav Kirchhoff, aliyekuwa akichunguza mikondo ya umeme, aliweka msingi wa jibu. Tengeneza jedwali: kwa kila mji andika idadi ya barabara zake, na penye barabara kati ya miji miwili andika -1. Jedwali hilo huitwa matriki ya Laplace. Nalo lina thamani aigeni zake, tofauti na zile za kujumlisha jirani; hapa ni 0, 4, 4 na 4. Iache sifuri, zidisha zilizobaki upate 64, kisha gawa kwa miji minne: 16. Hakikisha mwenyewe: kuna njia 20 za kuchagua barabara tatu kati ya sita, na nne kati ya hizo ni pembetatu zinazouacha mji mmoja peke yake. Zinabaki 16.

Je, wajua kwamba spektra hueleza uimara wa benzeni?
Molekuli ya benzeni ina atomi sita za kaboni zilizoshikana kwa duara. Mwaka 1931 Erich Hückel alieleza hali ya elektroni zake kwa hesabu ambayo leo tunaitambua kuwa ni spektra ya grafu hiyo: 2, 1, 1, -1, -1, -2. Elektroni sita hukaa mbilimbili katika nafasi tatu za juu za orodha hiyo, ambazo ndizo zenye nishati ndogo zaidi. Jumla yake ni vipimo 8. Kama kungekuwa na bondi maradufu tatu, kila moja peke yake, jumla ingekuwa 6 tu. Tofauti hiyo ya vipimo 2 ndiyo inayoipa benzeni uimara wake usio wa kawaida.

Je, wajua kwamba namba moja hupima udhaifu wa mtandao?
Mwaka 1973 Miroslav Fiedler, mwanahisabati wa Chekoslovakia, aliitazama thamani ya pili kwa udogo katika matriki ya Laplace. Ikiwa ni sifuri, mtandao umekatika vipande. Ikiwa ndogo, ni rahisi kuukata. Ile miji yetu minne ina 4. Ukiipanga kwenye barabara moja iliyonyooka, namba hiyo inashuka hadi 0.59 hivi, kwa sababu kufungwa kwa kipande kimoja tu kunatenganisha wasafiri.

Je, wajua kwamba barabara za Uganda zimo katika historia hii?
Mwaka 1967 mwanajiografia Peter Gould alichapisha makala kuhusu maana ya thamani aigeni katika jiografia, na mtandao wa barabara za Uganda ulikuwa miongoni mwa mifano yake. Miaka 31 baadaye, mwaka 1998, Sergey Brin na Larry Page walitumia hesabu ya ukoo huohuo kupanga kurasa za intaneti kwa umuhimu. Ndiyo iliyoizaa Google.

Je, wajua kwamba grafu mbili tofauti zaweza kuwa na spektra moja?
Chora nukta moja katikati, iliyounganishwa na nyingine nne. Pembeni chora mraba, na nukta ya tano isiyogusana na yeyote. Zote mbili zina spektra ileile: 2, 0, 0, 0, -2. Lothar Collatz na Ulrich Sinogowitz waliandika kuhusu grafu pacha kama hizi katika makala ya mwaka 1957. Mwaka 1966 Mark Kac aliuliza swali la namna hiyo kuhusu ngoma: je, mtu anaweza kulijua umbo lake kwa kusikia sauti zake tu? Jibu lilipatikana mwaka 1992: Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert walitoa maumbo mawili tofauti yenye sauti zilezile.

Je, wajua kwamba kuna grafu ambayo hakuna ajuaye kama ipo?
Tafuta grafu ambayo kila nukta ina idadi sawa ya jirani, zaidi ya mmoja. Nukta mbili zilizoungana hazina jirani wa pamoja, na zisizoungana zina mmoja tu. Mwaka 1960 Alan Hoffman na Robert Singleton walithibitisha, kwa kutumia thamani aigeni, kwamba idadi hiyo ya jirani yaweza kuwa 2, 3, 7 au 57 tu. Tatu za kwanza zinajulikana, zikiwa na nukta 5, 10 na 50. Ya 57 ingekuwa na nukta 3,250, na swali lake bado liko wazi. Mwanafunzi unayependa hisabati, anza na ile ya nukta 10: inachoreka kwa penseli, na kanuni zake zote unaweza kuzihakiki mwenyewe.