Pochi ya Bitcoin Katika Kompyuta

Ndugu wanachama, wengi mmetuuliza khabari za Electrum, pochi ya Bitcoin iwekwayo katika kompyuta, iliyoanza mwaka 2011.

Programu ichukuliwe electrum.org, si penginepo. Mkitengeneza pochi mpya itawapa maneno 12 ya Kiingereza. Yaandikeni kwa kalamu, kwa mpango wake, wala msiyapige picha. Kompyuta ikiharibika, au neno la siri likisahauliwa, hayo ndiyo yarudishayo fedha. Na mwingine akiyapata, fedha ni zake. Hapana benki ya kuiendea kushitaki.

Kitaa cha pembeni chini kikiwa chekundu, pochi haikuungana na seva. Tazameni intaneti kwanza, kisha kibonyezeni mchague seva nyingine. Malipo yakikawia, mara nyingi ada ni ndogo, nayo yaweza kuongezwa.

Lakini twawatahadharisha khasa na hili. Mwishoni mwa 2018 wezi waliweka seva zao, zikawa zaleta tangazo ndani ya pochi yenyewe, kuwataka watu wachukue programu mpya mahali pengine. Waliotii waliibiwa. Mwenye programu ya miaka ile asiitumie. Aje ofisini na kompyuta yake, maneno 12 ayaache nyumbani.