Jina Nyuma ya Picha

Mpingo ni mti mgumu kuupiga picha. Kamera ikikutana na kinyago cheusi hudhani iko gizani, hujiongezea mwanga, na weusi wote hugeuka kijivu kama majivu ya jikoni. Nilipoanza kwenda Mwenge, Dar es Salaam, kuwapiga picha wachongaji wa Kimakonde, siku nyingi nilirudi nyumbani na picha za namna hiyo. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyeketi chini juu ya gunia, miguu kainyoosha, gogo kalibana kwa nyayo. Alinitazama nikihangaika, kisha akalizungusha gogo lake kidogo mpaka jua la asubuhi likalipiga ubavuni. Kila alama ya patasi ikajitokeza.

"Ukiutazama usoni hautakuonyesha kitu, mwanangu," aliniambia. "Mpingo utazame ubavuni."

Tangu hapo nikawa nafika mapema, jua likiwa bado chini. Shikamoo kwanza, kisha chai, kamera baadaye.

Mzee yule si mzaliwa wa Dar. Mama yake alimvusha mto Ruvuma akiwa mgongoni, baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964. Wamakonde wako pande zote mbili za mto huo: Tanzania wanakaa uwanda wa Newala, Msumbiji wanakaa uwanda wa Mueda. Watu wa Mueda walianza kuvuka miaka mingi kabla ya vita, wakikimbia kazi za shuruti na kodi za Wareno, wakafuata vibarua vya mkonge kutoka Lindi hadi Tanga na pwani ya Kenya. Huku walikofikia waliitwa Wamawia, jina ambalo wengi wao hawakulipenda. Ikaja tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Miaka miwili baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa hapa hapa Dar es Salaam. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975 wako waliorudi, na wako ambao walikwisha kuzaa, kujenga na kuzika huku.

Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi vinyago. Anabeba masimulizi. Wamakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga umbo la mwanamke, akalisimamisha nje ya makazi yake. Usiku umbo likapata uhai, akawa mkewe. Mtoto waliyempata karibu na mto alifariki. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafariki. Wa tatu alizaliwa kule juu kabisa, uwandani, akaishi. Kwa masimulizi hayo kinyago ndicho mama wa kabila, na ukoo nao hufuata upande wa mama. Mzee alinisimulia haya huku akichonga mwanamke aliyebeba mtungi, wala hakuinua macho hata mara moja. Picha ya dakika ile ninaipenda kuliko zote nilizopiga Mwenge. Inaonyesha kisogo chake na mikono yake tu.

Wageni wanaonunua vinyago pale huambiwa kwamba ni sanaa ya kale. Mimi naona ukweli ni mzuri zaidi ya hapo. Mababu walichonga zaidi kwa ajili yao wenyewe, na barakoa zao walizitoa katika miti myepesi, kwa sababu huvaliwa kichwani. Mpingo ulishika nafasi kubwa walipopatikana wanunuzi waliotaka kitu kizito, cheusi na cha kung'aa. Kinyago cha ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandiana mabegani, huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji na kufika Dar mwishoni mwa miaka ya 1950. Alianza na mcheza mieleka aliyebebwa juu na wenzake baada ya kushinda. Mashetani, yale maumbo yenye jicho moja na viungo vilivyopotoka, yanahusishwa na Samaki Likankoa wa miaka hiyo hiyo. Wachongaji husimulia kwamba mkono wa kinyago chake ulivunjika, akaendelea kuchonga kile kilichobaki mpaka likatokea jini. John Fundi, naye mzaliwa wa Msumbiji, vinyago vyake vilifika Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la Terre. Watu hawa walikuwa wahamiaji. Uhamishoni ndiko sanaa hii ilikopata matawi ambayo leo dunia nzima huyaita ya Kimakonde, na mizizi yake haikukatika.

Mizizi hiyo niliiona kwenye chale. Zamani Mmakonde alichanjwa usoni, wanawake wakavaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Leo huwaoni vijana wenye chale, na bibi mwenye tundu la ndonya ni wa kumtafuta. Lakini mchongaji wa miaka ishirini na mitano, ambaye uso wake ni laini kabisa, huchora mistari ile ile kwenye shavu la kinyago bila kukosea hata mmoja. Nilimwomba asimame karibu na kazi yake, nikapiga nyuso mbili pamoja. Alisema mistari alifundishwa na bibi yake, aliyekuwa akielekeza kidole kwenye uso wake mwenyewe.

Kuna jambo sikulipiga picha, na sitalipiga. Mapiko ni ngoma ya barakoa inayofungamana na jando na unyago. Mchezaji hufunikwa mwili mzima, na kichwani huwekwa kichwa cha mti chenye nywele za watu na chale za nta. Kwa wasiopitia jando, anayecheza hachukuliwi kuwa mtu. Maandalizi hufanyika mahali pa faragha, na wanawake na watoto hawafiki. Nilialikwa kutazama ngoma ikichezwa hadharani, nikapiga. Nilipouliza kuhusu maandalizi, mzee aliweka tezo chini, akaniangalia kwa upole, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikaelewa. Wapiga picha tumezoea kuhesabu mlango uliofungwa kama hasara yetu, na tabia hiyo inaniudhi, hata ninapoiona kwangu.

Baadaye nilikwenda Kwale, Kenya, ambako Wamakonde wamekaa tangu enzi za mashamba ya mkonge na miwa. Kwa vizazi waliishi bila kitambulisho. Wasiokuwa nacho hawakuweza kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura, na hawakupata hati ya ardhi. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na Februari 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakitambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Mchongaji mmoja wa Makongeni nilimwomba anionyeshe kazi anayojivunia zaidi. Aliingia ndani, akatoka na kile kitambulisho, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikishika kifuani nimpige nacho, namba kaifunika kwa kidole gumba. Vumbi la mti lilikuwa bado kwenye kope zake.

Tangu siku ile nimeacha kuandika chini ya picha "mchongaji wa Kimakonde" peke yake. Zama za ukoloni wapiga picha waliotembea kusini waliwaweka watu mbele ya kamera kama mifano ya kabila, na wengi wao hatutajua waliitwaje. Kila ninayempiga sasa namuuliza jina lake liandikwe vipi na liandikwe wapi, na hupata nakala ya picha yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mzee wa Mwenge hakutaka jina lake litoke gazetini. Alitaka liwe nyuma ya nakala ya nyumbani kwake. Nilimpelekea picha ile ya kisogo na mikono. Aliitazama muda mrefu, akaiinamisha ubavuni kama anavyofanya na mpingo, kisha akaigeuza na kuniomba kalamu. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole. Chini yake akaandika la pili, la mjomba wake aliyemfundisha kushika tezo, ambaye alifariki kwenye kambi za mkonge bila kupigwa picha hata moja.

"Mikono hii ni yake," alisema, akaiweka picha juani wino ukauke.