Kikao cha Sitara

Mnazi Mmoja na Kariakoo, Dar es Salaam, ni mitaa ya vikao. Kina mama wana upatu, wazee wana kahawa na kashata, na kila ukoo una chama cha kuzikana. TANU ilizaliwa papo hapo, mtaa unaoitwa leo Lumumba, tarehe 7 Julai 1954, na muda si muda mikutano yake ikahamia viwanja vya Mnazi Mmoja kwa wingi wa watu. Kukaa pamoja kwa ajili ya shida hatujaletewa na mgeni. Tusilolizoea ni mtu mzima kufungua kinywa mbele ya wenzake na kusema kuwa pombe imemshinda.

Pombe yenyewe ni ya siku nyingi mjini. Enzi za Waingereza, pombe ya kienyeji iliuzwa kwa leseni, na Mwafrika alizuiwa kununua pombe kali za Ulaya. Baadaye zikaja bia, konyagi, na viroba vilivyoenea kwenye kiganja hata mkewe mtu asivione. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Aliyekwisha kuzoea alihamia kwenye chupa, au kwenye gongo.

Wenyeji wengi wa hapa ni Waislamu, na mnywaji wa nyumba ya Kiislamu huvuka mitaa. Analala Gerezani, anakunywa Sinza, anarudi usiku baraza zimekwisha kutawanyika. Mama anajua, mke anajua, majirani wanajua, na wote wamenyamaza. Kusitiri aibu ya ndugu ni adabu kubwa ya pwani, nami naiheshimu kwa moyo wote. Lakini sitara hiyohiyo humfungia mtu ndani. Kwa kuwa hakuna anayemuuliza, hana wa kumjibu, na miaka inapita mpaka duka liuzwe au ini lianze kuoza.

Mlango wa kutoka humo upo: mikutano ya Alcoholics Anonymous, ya walevi wanaosaidiana kuacha, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, baada ya dalali wa hisa, Bill Wilson, kukutana na daktari mlevi, Bob Smith. Waligundua kuwa mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mhubiri. Taratibu walizojiwekea zinaoana na adabu zetu kuliko watu wanavyodhani. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu. Anayesema hakatizwi wala hajibishwi, na yaliyosemwa hayatoki nje. Hakuna ada, kofia hupitishwa kwa ajili ya chai na pango, na asiye na kitu hadaiwi. Sharti la kuingia ni nia ya kuacha pombe, basi. Hatua zao 12 humtaja Mungu kwa namna kila mmoja anavyomfahamu, na nyumba za waraibu kule Zanzibar zimezifuata miaka mingi, watu wakitoka kuswali na kukaa duara kuzungumza.

Adabu za kikao ni za kujifunza. Kariakoo swali la kwanza kwa mgeni ni “wewe wa nani?”, kikaoni haliulizwi. Ukikutana na mwenzako Mtaa wa Msimbazi, ameandamana na shemeji yake, msalimie kama unavyomsalimia yeyote, “Shikamoo mzee,” upite zako. Usimuulize mbona juzi hakuja. Mgeni hutafutiwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa, amshike mkono kama somo amshikavyo mwari: ampigie simu jioni, amkubali hata akianguka. Wanaoanguka ni wengi, na wanaporudi huambiwa karibu.

Kwa mwanamke mambo ni magumu zaidi. Mwanamume mlevi huonewa huruma, mwanamke mlevi hutangazwa. Naona ni dhuluma, na kundi lisilokuwa na saa ya wanawake peke yao halijawafikia. Mke na mama wa mnywaji nao wana chao: Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa waliochoka kuficha na kulipa madeni.

Kabla ya kikao kuna jambo la hospitali. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kupata degedege, hata kufa. Asiachwe chumbani peke yake kwa ajili ya aibu. Apelekwe kwa daktari. Muhimbili si mbali. Hapohapo, kwenye kitengo cha afya ya akili, ndipo pa kuuliza kikao kilipo, kwa sababu makundi ya namna hii hayaweki kibao mlangoni. Ulizeni pia makanisani. Wenye simu wanaweza kukaa kikao kwa intaneti wakati wanatafuta cha ana kwa ana. Kundi la kwanza lisipokufaa, jaribu la pili.

Na ikiwa karibu hakuna, utaratibu wao unaruhusu watu wawili au watatu wanaotaka kuacha pombe kujiita kundi. Kariakoo inahitaji chumba kimoja ghorofani, mbali kidogo na mtaa wa mtu, birika la chai, na saa inayofaa wafanyabiashara: saa moja jioni, maduka mengi yanapofungwa na pesa za mauzo zingali mfukoni, maana ndiyo saa wanayopotelea.